Wino wa Tunu

"Pandisha mkono wa koti," alisema Dokta Mbwana.

Salha alikuwa ameinamia maiti, akiutafuta mshipa wa fahamu alioulizwa katika mtihani. Akapandisha. Kuanzia kiwikoni hadi kidole cha mwisho, mkono wake ulikuwa umejaa michoro ya mishipa, kila mmoja na jina lake.

Asubuhi ile, Tunu, mwenzake wa chumbani, alimchora kama biharusi anavyochorwa piko, wakirudia masomo yao kama walivyozoea. Ila leo alitumia kalamu ya kuandikia chupa za maabara, ambayo wino wake hautoki upesi. Kengele ilipolia, Salha alitaka kukimbilia bombani. Tunu akamvisha koti lenye mikono mirefu iliyofunika hadi vidole, akamfunga na vifungo. "Twende shoga, tutachelewa. Utanawa baadaye."

"Nani kakwambia, Dokta?" aliuliza Salha, na huku jibu keshalijua.

Ng'ambo ya meza Tunu alikuwa kainamisha kichwa, mikono yake yote miwili misafi.

"Tunu, sema basi! Si wewe uliyenichora?"

"Mimi?" Tunu hakuinua macho. "Usiniingize, Salha."

Dokta akaichukua karatasi ya Salha, akamwonyesha mlango.

Nje, bombani, Salha alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha. Majina yakaanza kufifia, moja baada ya jingine. Lakini kwenye ncha ya kidole cha mwisho Tunu alikuwa amemchorea kiua, eti cha bahati. Hicho alikikazania zaidi, na kila alipokisuuza kilikuwa palepale, kimechanua.