Kovu la Bega la Kulia

"Mwambie mama ni sindano moja tu, basi," nesi aliniambia.

Wasukuma tulikuwa kaya kumi na mbili tu pale kijijini Milepa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, kwa hiyo niliwekwa kutafsiri.

Marehemu mama alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Wanawake wengine tisa wa kwetu walikuwa wanamngoja yeye. Wiki ile tulikuwa tumezika watu wawili kwa korona.

"Ng'ombe akichanjwa anatobolewa sikio, alama naiona," aliniambia kwa Kisukuma. "Wewe wamekuchanja?"

"Ndiyo, mama."

"Alama yako iko wapi?"

Sikuwa nimechanjwa. Niliogopa yale yale aliyoyaogopa yeye. Nikapandisha mkono wa gauni, nikamwonyesha kovu la bega la kulia.

Akaweka kidole gumba juu yake. Kilikuwa kigumu kwa miaka ya kukamua maziwa, lakini hakikubonyeza. Kilitulia tu pale, kama anavyopima joto la mtoto.

"Hili lilitoa usaha ukiwa mchanga," alisema taratibu. "Nililifukuzia nzi mwezi mzima."

Nesi hakuelewa hata neno moja. Alitabasamu, akachomoa pamba. "Amekubali?"

Mama aliushusha mkono wa gauni langu, akaunyoosha vizuri, kama asubuhi za kwenda shule. Kisha akakaza khanga yake, akasimama, akaelekea mlangoni.

Na wale wanawake tisa wakasimama, wakamfuata.