Propela ya Kukimbia

Muuzaji aliweka propela mbili mezani. "Hii yenye mabapa mapana inasukuma mzigo. Hii nyingine inakimbia. Chombo chako ni kizito?"

Shaweji alikuwa na mashua ya tanga, injini ndogo nyuma, ya kuvushia watu upepo ukilala. Akaona haya kuitaja mbele za watu.

"Ni boti, kaka. Nipe inayokimbia."

"Mwanangu, si umwambie kweli?" alinong'ona mama yake, Bi Mize.

"Mama, hapa hatununui sufuria."

Wateja wakacheka.

Mashua ilipojaribiwa tupu iliruka juu ya maji, hata mke wa Shaweji akapiga vigelegele.

Jumamosi mashua ilitoka ng'ambo imejaa watu wa harusi, mke huyo akiwa mbele na mtoto mchanga. Upepo haukuwepo, na maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu kwenda bahari kuu. Injini ilipiga kelele, povu likaruka nyuma, waliomo ndani wakadhani wanafika.

Bi Mize alikuwa ufukweni akiwangoja. Aliona nyuso zimemwelekea yeye, mikono ikimpungia kwa furaha, na zote zikizidi kuwa ndogo.