Kikonyo cha Tatu

Kinyozi alikuwa amelala kifudifudi uani, akimtazama konokono uso kwa uso.

"Sema ukweli. Ni wewe?"

Konokono akaingiza pembe zake ndani, jambo ambalo mahakama yoyote ingelichukulia kama dalili ya hatia. Juu yao, kwenye chungu cha udongo, okidi ya mwitu ilisimama kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu. Jana ilikuwa na kikonyo kirefu chenye matumba ya maua. Leo kilibaki kisiki.

Nyuma ya dirisha lililokitazama chungu, mama yake alikohoa. "Imechanua?"

"Bado, Mama."

"Basi tusubiri."

Kusubiri ndiko kulikokuwa kunammaliza. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alishasema kwamba kila wiki inayopita inakula nafasi yake ya kupona. Mama hakukataa upasuaji. Alitoa sharti moja tu: kwanza aione okidi ya marehemu mumewe ikichanua. Marehemu alikuwa mchonga mawe, na aliileta kutoka kwenye majabali mwaka waliooana. "Silali kwenye meza ya watu kabla sijaagana nayo," alisema. Na mama yule akishasema, hata serikali husogea pembeni.

Tatizo ni kwamba okidi iligoma. Mke wa kinyozi, kwa huruma, alikuwa ameiweka sebuleni nyuma ya pazia na kuinywesha asubuhi na jioni. Muuza miche alipoitwa alishika kichwa.

"Shemeji, mnaifuga kama kuku mgonjwa! Hii ni ya majabalini. Inataka jua la utosini, na inataka kiu. Itoeni nje, ndoo mkaifiche."

Kinyozi alitaka kuipandisha juu ya paa. Mama akakataa katakata. "Iwekeni hapo chini ya dirisha langu, niione." Kwa bahati, hapo nako jua lilipiga kutwa. Majani yakaanza kupauka na kuwa magumu, muuza miche akasema ndiyo afya yenyewe, na kikonyo cha kwanza kikachomoza, kikarefuka, kikatoa matumba. Mke wa kinyozi akapiga vigelegele na kufunga begi la hospitali.

"Hicho kisu chao," mama aliuliza siku hiyo, "ni kama cha bucha?"

"Kidogo tu, Mama. Kama wembe wangu."

"Wembe wako nimeuona ulivyolifanya sikio la mjomba wako."

Kulipokucha, kikonyo hakipo. Konokono wa mtaa mzima walishtakiwa bila wakili. Majivu yalimwagwa kuzunguka chungu, na kinyozi akajenga tundu la waya lenye mfuniko. Kikonyo cha pili kikatoka, kikarefuka, kikatoweka. Majivu hayakuwa na alama hata moja. Mfuniko ulikuwa mahali pake.

Muuza miche alikitazama kisiki kwa muda mrefu. "Konokono hafungui waya akarudishia," alisema, akavaa kofia yake, akaondoka haraka.

Hapo nyumba ikaingia sumu. Kinyozi alimgeukia dada yake mkubwa, ambaye tangu ahamie kumuuguza mama alikuwa ameshapima madirisha yote kwa ajili ya mapazia mapya.

"Nyumba unaitaka kiasi hicho, Dada? Si ungengoja azikwe?"

Dada akaacha mwiko ndani ya uji. "Unaniambia mimi? Mimi ninayemwogesha?"

"Wewe ndiye unayeshinda naye."

"Na wewe ndiye unayeshinda na mikasi!"

Dada alilia jikoni, sakafuni. Kinyozi alikwenda kulia dukani, kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, kwa hiyo walilia wawili.

Kikonyo cha tatu kilitoka chembamba, kana kwamba nacho kinaogopa. Daktari akapiga simu. "Mleteni wiki hii. Wiki ijayo sitamgusa." Kinyozi alifunga duka, akaweka kigoda kando ya chungu, akalinda juani mpaka ngozi ya shingo ikabambuka. Tumba la kwanza lilianza kuonyesha umanjano. Alimwomba Mungu, akaiomba na okidi. Mchana akaingia ndani kunywa maji, glasi moja tu.

Aliporudi, kisiki.

Alikaa chini kwenye majivu. Dada, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini kutoka sokoni, kapu bado kichwani, alikiona kisiki. Kinyozi akaliona kapu. Wote wawili wakaelewa kwamba si yeye.

"Nisamehe, Dada."

"Nyamaza, mdogo wangu. Muuza miche anayo inayofanana na hii?"

Alikuwa nayo. Ua la manjano lenye madoa ya kahawia, kikonyo kizima. Dada alilifunga kwenye kisiki kwa uzi wa kijani, na fundo halikuonekana kabisa. Teksi ikaitwa. Wakakibeba chungu hadi chumbani kwa mwendo wa kumpeleka bibi harusi.

"Mama! Imechanua!"

Mama alilitazama ua. Alilishika petali moja moja, taratibu, macho yakamjaa machozi.

"Zuri," alisema. "Lakini si la baba yenu."

"Ni lenyewe, Mama!" kinyozi alidakia. "Umejuaje?"

Nje, dereva alipiga honi. Mama akaingiza mkono chini ya mto, akatoa vikonyo vitatu, akavilaza juu ya shuka. Viwili vilikuwa vimekauka. Cha tatu kilikuwa bado kinatoa utomvu.