Televisheni Iliyofunga

"Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe," alitangaza Bakary, mkono mmoja kifuani, "kuanzia leo hadi Jumamosi, televisheni hii iko chini ya uangalizi wa mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa kidato cha tatu, amejifunga taulo, na kipindi cha fizikia alichokikumbuka vizuri ni kile ambacho mwalimu hakutokea.

Bibi Mwahija hakuinua kichwa. Alikuwa mkekani, akisuka ukili. Tangu mjukuu wake arudi likizo Jumamosi iliyopita, Bibi hakuwa na maneno mengi. Siku ile Bakary aliingia na sanduku lake la bati, akapaza sauti: "Bibi, mambo vipi!" Bibi akaendelea kusuka. Bakary akaamua kwamba masikio ya Bibi yameanza kuchoka, kama TV yake.

TV yenyewe ilikuwa ya chogo, yenye kisogo kirefu nyuma na uzito wa gunia la korosho. Karibu Kilwa Masoko nzima ilishahamia kwenye flati, zile TV bapa. Lakini Bakary aliijua siri. Flati ya jirani yao, Mzee Stefano, ilikuwa na tabia ya kufikiri kwanza: ukibonyeza shuti leo, mpira unaondoka kesho. Chogo halifikiri. Ukibonyeza, linatii. Kwa mechi ya gemu, hakuna kama chogo.

Na mechi ilikuwapo. Petro, mtoto wa kidato cha pili aliyemfunga kwenye gemu bwenini muhula mzima, angeshuka kutoka Kipatimu Jumamosi.

Kazi ikaanza. Bakary alifuta vumbi la miaka kwenye kioo. Akaihamisha spika ya redio iliyokuwa imeegemea ubavuni mwa TV. Akaizima TV na kuiwasha mara kadhaa, na lile doa la zambarau lililokaa pembeni mwa picha tangu enzi za babu yake likafutika. Akaangika kanga dirishani ili jua lisipige kioo. Rimoti ilikuwa imepotea tangu Ramadhani, kwa hiyo alipiga magoti kama mtu anayeomba msamaha, akabonyeza vitufe vya chini ya kioo: mwangaza akaupunguza, makali ya picha akayapunguza. Picha ikatulia, safi. Hapo mtu mwema angeishia.

Bakary akashusha rangi hadi sifuri.

Uwanja wa gemu ukawa wa kijivu. Timu yenye jezi za kijani ikayeyuka ndani ya nyasi. Timu yenye jezi nyeupe ikang'aa kama kanzu za Idi. Kwa ukarimu wa watu wa pwani, Bakary akapanga kwamba kijani kitakuwa cha mgeni.

"Hayo majani mbona yamekuwa majivu?" Bibi aliuliza.

"Ndio ubora wenyewe huo, Bibi."

"Na tamthilia yangu?"

"TV imefunga, Bibi. Ikionyesha tamthilia tu, saumu imebatilika."

"Itafuturu lini?"

"Jumamosi, Petro akishaondoka."

"Haya, mtaalamu."

Jumamosi saa tisa alasiri Petro alifika, vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi, kapu la machungwa mkononi. Akainama mlangoni. "Shikamoo, Bibi," alisema taratibu.

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu ndani. Wazazi hawajambo?"

Masikio yalikuwa yamepona.

Wakaketi, kila mmoja na pedi yake ya gemu mkononi. "Masharti ni yale yale?" Petro aliuliza.

"Yale yale. Hakuna kusimamisha mchezo. Atakayefungwa atamwamkia mwenzake shikamoo muhula mzima, hata mbele ya paredi."

Bibi akainua kichwa. "Kumbe neno hilo bado mnalijua?"

Vijana wakacheka. Bibi hakucheka.

Kipindi cha kwanza Petro aliwatafuta wachezaji wake kama mtu aliyeangusha sindano mchangani. "Kaka, watu wangu wako wapi?"

"Uzee wa TV, ndugu yangu. Vumilia." Mbili bila.

Kipindi cha pili kilipoanza, majani yakawa mabichi kama mchicha. Vijana kumi na mmoja wa kijani wakajitokeza, kila mmoja na namba yake mgongoni. Bakary akatupa pedi, akapiga magoti mbele ya TV, akashusha rangi. Alipogeuka, Petro alikuwa ameshafunga moja.

Akaketi. Rangi ikarudi. Akainuka tena, akashusha tena. Mbili kwa mbili.

"TV yenu ina jini," alisema Petro.

"Basi umekuja naye kutoka kwenu milimani!" Bakary akaketi, na majani yakarudi mabichi. "Bibi, TV yako inanifunga!"

"Si mwenyewe ulisema imefunga?" alijibu Bibi. Ukili ulikuwa umelala mapajani mwake.

Dakika ya mwisho, Bakary akiwa amepiga magoti kwa mara ya tatu, bao la tatu la Petro likaingia.

Petro akaweka pedi chini, akakunja mikono kifuani. "Nasikiliza, kaka."

Bakary alitazama sakafu. Aliiona paredi nzima, madarasa yote, hadi wapishi.

"Shikamoo."

"Marahaba," iliitikia sauti kutoka mkekani. "Wiki nzima naingoja, mjukuu wangu."

Bibi Mwahija akainua ukingo wa mkeka, akatoa rimoti iliyopotea tangu Ramadhani, akailaza juu ya machungwa. "Sasa, mtaalamu, mweleze mgeni wetu majani yalikaukaje."

"Ni mimi niliyezima rangi," alisema Bakary, ambaye bado alikuwa amepiga magoti.