Mahindi Yaliyolowa

Uvumi ulitoka soko la Pap Onditi, ukamng'ang'ania Mama Winny kama kupe: kuna mtoto amekula ugali wa mahindi yaliyolowa mafuriko, akafa macho yakiwa ya njano.

"Hayo ni maneno ya soko," mumewe alisema, akiwasha mashine ya kusaga waliyoichimbua kwenye matope baada ya Ahero kufurika. "Si mahindi yetu tumeyaanika yakakauka? Changanya na yale mazuri, Mama Winny. Wateja wamerudi, tutawauzia mawe?"

Akachanganya, akamimina.

Punje moja ilimbakia kiganjani. Akaipasua kwa ukucha. Kiini kilikuwa kijani kwa ukungu, kinanuka kama nguo iliyosahaulika kwa beseni.

Akageuka amwambie mumewe azime. Winny alikuwa amechuchumaa chini ya mdomo wa mashine, anakinga unga ungali moto na kuulamba, uso mweupe mpaka puani.

"Mama, mimi nishashiba," akasema.

Wewe mama mwenzangu:

Usisage mahindi yaliyolowa mafuriko, hata yakikauka.

Usiyachanganye na mazuri.

Usiwamwagie kuku, kuku hao utakuja kuwala wewe.

Usimwache mtoto alambe unga mashineni.

Usingoje mpaka uone macho yake.