Mamba wa Jumapili ya Ubatizo

Haya alinisimulia Ozella mwenyewe, kiangazi kilichopita, tukichambua bamia kibarazani kwake hapa Louisiana.

"Mchungaji, ukiwabatiza wabane pua," Ozella alimwambia Mchungaji Batiste. Joto lilikuwa limelilalia ziwa letu mpaka maji yakawa kama chai. Nesi alishatuonya: maji ya namna hiyo huwa na kijidudu. Ukiyanywa, hakuna neno. Yakikupanda puani, kijidudu kinakwenda ubongoni, na waliopona ni wachache mno. Na Jumapili Mchungaji angemlaza chali Tavia, mjukuu pekee wa Ozella, amzamishe humo.

"Nina leso ya kuwaziba, Mama Ozella."

"Leso si kizibo."

"Hakuna atakayekwenda mbele za Mungu kabanwa pua kama shati kwenye kamba!"

"Basi twende bwawa la kuogelea la mjini. Maji yake yana dawa."

"Babu zetu walibatizwa ziwani. Ziwani, basi."

Jumamosi Ozella akaenda duka la vifaa vya kuogelea kutafuta vibanio vya pua. Vimekwisha. Lakini hakutoka mikono mitupu.

Jumapili alfajiri alitangulia ziwani, akarudi anahema, kashika mashavu.

"Bibi, umetoka wapi?" Tavia akauliza.

"Kukuombea."

"Ndiyo uheme hivyo?"

"Nimeomba kwa pumzi zangu zote, mwanangu."

Kanisa zima likateremka ukingoni, kanzu nyeupe, nyimbo juu. Mchungaji akatia mguu majini, akatupa jicho kwenye matete. Macho mawili. Mgongo wa magamba.

"Mamba!"

Kijidudu hawakukiogopa, hakionekani. Mamba kila mtu wa huku anamjua. Aliyefika garini wa kwanza ni Mchungaji.

"Bwawa la mjini!" akapiga kelele. "Hata huko Mungu yupo!"

Ozella akarudi peke yake kuchukua mwavuli wake.

"Bibi, utaliwa!"

"Na huyo? Hana meno ya kunitafuna mimi."

Tavia akabatizwa, akaibuka ananuka dawa ya bwawa, anacheka. Jioni akawahi kulala.

Ozella akajifungia chumbani, akaukunjua mwavuli, akamtoa mamba, akamkalia mpaka upepo uliobaki ukamwishia fyuuu, akamkunja vizuri, akamtia chini ya mto, akalala.