Pafu la Mchinjaji

Nilikuwa nimeshampaka mzee dawa mgongoni, sindano ndefu mkononi, tayari kuvuta usaha wa lile tuliloliona kuwa jipu pafuni. Tangu alfajiri sikuwa nimekaa.

"Pole pole, mwanangu," alisema, ameinamia mto. "Mbwa wangu wananingoja."

"Wako wangapi, baba?"

"Watatu. Wamenona kunishinda. Pale machinjioni ninapochinja, mapafu ya kondoo yenye malengelenge hayauzwi, basi nawapelekea wao."

Nikairudisha sindano nyuma. Niliitazama tena picha ya eksirei ya kifua chake ukutani. Kivuli kilikuwa cha mviringo, ukingo wake laini kama yai. Halikuwa jipu. Ulikuwa mfuko wa maji wenye vijidudu vya minyoo, ambayo mbwa huipata kwa kula mapafu kama hayo na kumwambukiza anayewafuga; kuutoboa kungeyamwaga maji hayo mwilini na kungeweza kumuua pale pale.

Miezi saba tulimmezesha bure dawa za kifua kikuu, ugonjwa asiokuwa nao.

"Vipi, umeshachoma?"

Nikaiweka sindano kwenye trei. "Sichomi, baba. Vaa shati."

Akacheka, akakohoa. "Kumbe nimepona."

Nilianza kumfunga vifungo, kuanzia cha chini, ili nichelewe kufika shingoni, ambapo ingenibidi nimtazame usoni.